Futi Sita za Barabara: Hesabu ya Kisumu Inayopanuka

Sensa ya mwaka 2009 na ile ya 2019 zinatuonyesha Kisumu mbili katika kaunti moja. Kisumu ya Kati, yenye maduka, bandari, Milimani na Kondele, ilikuwa na watu 168,892 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye walikuwa 174,145, ongezeko la asilimia 3 tu. Vuka mpaka uingie Kisumu Mashariki, upande wa Kajulu, Kolwa, Manyatta B na Nyalenda A: huko watu walitoka 150,124 hadi 220,997, ongezeko la asilimia 47. Kisumu Magharibi, inayopanda Riat na kuendelea hadi Maseno, iliongezeka kwa asilimia 32.

Kwa hiyo anayesema Kisumu inakua hajakosea, ila hajamaliza. Katikati ya mji pamejaa na pametulia. Mji unakua pembezoni, katika mashamba ambayo jana yalilimwa mahindi na mtama. Na pembezoni ndiko wakazi wanakolalamikia barabara zisizopitika, mabomba makavu, vyoo vinavyofurika na mitaro isiyokuwepo.

Ni rahisi kusema watu wamezidi. Makala haya yanafuata hesabu hatua kwa hatua, kuanzia mtu mmoja hadi mtaa mzima, ili tuone kama kweli tatizo ni idadi ya watu. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, na msomaji mwenye kalamu anaweza kuzirudia.

Kasi ya ongezeko

Tuanze na kanuni moja. Kitu kikiongezeka kwa asilimia ileile kila mwaka, nyongeza ya mwaka huu huwa kubwa kuliko ya mwaka jana, kwa sababu kilichoongezeka jana nacho leo kinazaa. Ndivyo linavyovimba deni lenye riba. Ukitaka kujua kitachukua muda gani kuwa maradufu, gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la kila mwaka.

Kaunti nzima ya Kisumu ilikuwa na watu 968,909 mwaka 2009 na 1,155,574 mwaka 2019. Hiyo ni kasi ya karibu asilimia 1.8 kwa mwaka. Gawanya 70 kwa 1.8: miaka 39. Kisumu ya Kati, kwa asilimia 0.3 kwa mwaka, ingehitaji zaidi ya miaka 200 ili iwe maradufu. Kisumu Mashariki ilikwenda kwa karibu asilimia 3.9 kwa mwaka, na jibu lake ni miaka 18. Kasi hiyo ikibaki ilivyo, mtoto anayezaliwa Kajulu leo atamaliza shule ya sekondari akiwa na majirani maradufu ya waliokuwepo mama yake alipotoka naye hospitali.

Wastani wa kaunti, basi, unaficha jambo. Mpangaji anayejenga shule, zahanati au tangi la maji la Kolwa kwa kutumia miaka 39 ya kaunti atakuwa amechelewa kabla hajaanza.

Watu hawa wanatoka wapi? Idadi ya watu wa mahali hubadilika kwa njia tatu pekee: kuzaliwa, kufa na kuhama. Uzazi Kenya umeshuka sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke mmoja alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Lakini watoto waliozaliwa wakati familia zilikuwa kubwa sasa ni watu wazima wanaoanza maisha yao wenyewe. Kila mmoja akizaa watoto wachache kuliko mama yake, bado wazazi wenyewe ni wengi. Ongeza kuhama: kijana anayetoka Siaya, Vihiga au Homa Bay kutafuta kazi, familia inayohama katikati ya mji kwa kukimbia kodi, na mzee aliyestaafu Nairobi anayetaka kujenga karibu na nyumbani. Wengi wao wanatua pembezoni.

Watu hawaishi mmoja mmoja

Hatua ya pili husahauliwa mara nyingi. Mji haujengi nyumba kwa kuhesabu watu. Unajenga kwa kuhesabu kaya, yaani watu wanaokaa na kula pamoja. Na ukubwa wa kaya nao unabadilika.

Mwaka 2009 Kaunti ya Kisumu ilikuwa na kaya karibu 227,000, wastani wa watu 4.3 kwa kila kaya. Mwaka 2019 kaya zilikuwa karibu 301,000, na wastani ulikuwa umeshuka hadi 3.8. Watu waliongezeka kwa asilimia 19. Kaya ziliongezeka kwa asilimia 33.

Tuigawe tofauti hiyo. Kama kaya zingebaki na watu 4.3, watu wote wa mwaka 2019 wangetosha katika kaya karibu 270,000. Zilizozidi hapo, kama 30,000, hazikuletwa na watu wapya. Zilitokana na watu kugawanyika katika vikundi vidogo zaidi: kijana aliyeondoka katika simba yake, yaani kijumba chake cha ujana ndani ya boma la babake, akapanga chumba Manyatta, mjane anayeishi na mjukuu mmoja, mume na mke wenye watoto wawili mahali ambapo wazazi wao walikuwa na saba. Katika kila makao matano mapya yaliyohitajika mwongo huo, karibu mawili yalihitajika kwa sababu familia zimekuwa ndogo.

Jumla ya kaya mpya ni 74,000 katika miaka kumi. Kwa siku ni kaya 20. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kaunti ilihitaji makao mapya ishirini.

Namba hiyo inatusaidia kupima miradi ya serikali. Wafanyakazi wa Kenya wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na Kisumu ni miongoni mwa miji iliyotengewa miradi hiyo, hasa katika mitaa ya zamani ya baraza la mji kama Makasembo na Lumumba. Mradi wa nyumba 2,000 ni mkubwa ukiutazama kutoka barabarani. Ukiugawa kwa 20, unatosha siku mia moja. Zilizobaki zote zinajengwa na watu wenyewe: mwalimu aliyechukua mkopo wa Sacco, mama anayeongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, fundi na vijana wake wa mjengo. Kwa hiyo anayeamua sura ya Kisumu ya kesho ni mwenye shamba anayeuza ploti na mnunuzi anayejenga, kuliko mkandarasi wa serikali.

Kwa nini pembezoni?

Mtu anaweza kuishi mbali na kazi yake kadiri muda unavyomruhusu. Katika nchi nyingi watu hutumia karibu saa moja kwa siku kusafiri, nusu kwenda na nusu kurudi. Tukiishika nusu saa hiyo, mengine ni hesabu ya duara.

Anayetembea kwa miguu huenda kilomita 5 kwa saa. Kwa nusu saa anafika kilomita 2.5. Ndiyo sababu mji wa zamani, uliochipuka tangu reli ilipofika ukingo wa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, ulibanana kuzunguka bandari na stesheni. Anayepanda bodaboda, tuktuk au matatu, pamoja na kusubiri na kusimamasimama, huenda tuseme kilomita 20 kwa saa. Kwa nusu saa anafika kilomita 10. Umbali umeongezeka mara 4, lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ardhi anayoweza kuishi imeongezeka mara 16.

Ziwa limechukua sehemu kubwa ya duara la Kisumu, na mji umebaki kukua kuelekea nchi kavu: kaskazini kwa barabara ya Kakamega kupitia Mamboleo, mashariki kwa Nyamasaria na Kibos, magharibi kwa Otonglo na Riat. Barabara ya Kondele hadi Mamboleo ilipopanuliwa na daraja la juu likajengwa Kondele, wengi waliiona kama dawa ya msongamano. Katika hesabu yetu ilifanya jambo jingine pia: iliongeza kasi, na kwa kuongeza kasi ikasogeza ukingo wa duara. Mashamba yaliyokuwa mbali yakawa karibu, na bei ya ekari ikapanda bila mwenyewe kupanda hata mche mmoja.

Ekari moja, ploti nane

Sasa tuingie shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya mji wa Kisumu ilipanuliwa ikameza vijiji vilivyouzunguka. Ardhi yake haikuwa ya serikali. Ilikuwa mashamba ya ukoo, na wenyewe walibaki na hatimiliki zao. Hapo ndipo Kisumu inapotofautiana na miji ambayo baraza lilimiliki ardhi na kuchora mitaa kabla ya kugawa viwanja. Hapa kila mwenye shamba ni mpangaji wa mji, atake asitake.

Ploti inayouzwa sana Kenya ni ya futi 50 kwa 100. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya hamsini kwa mia ina futi za mraba 5,000. Ndiyo sababu ekari huitwa ploti nane: nane mara 5,000 ni 40,000. Zinabaki futi za mraba 3,560, asilimia 8 ya shamba. Kila kinachohitajiwa na watu wote kwa pamoja, yaani barabara, mtaro, bomba, nguzo ya umeme na mahali pa watoto kucheza, lazima kiingie katika asilimia hiyo 8. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Nairobi, linapendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara.

Chora kwenye karatasi. Panga ploti nne upande huu na nne upande ule, zitazamane. Urefu wa mstari ni futi 200. Kina cha ploti za upande mmoja ni futi 100, za upande wa pili ni futi 100, na katikati inabaki njia ya futi 17.8, yaani mita 5.4. Mwenye ukuta akisogea kidogo, na mwingine akaweka ngazi ya kibanda, lori la kunyonya maji taka halipiti. Gari la zimamoto halipiti. Mtaro hauna pa kukaa.

Tuseme tunataka barabara ya mita 9, inayotosha magari mawili kupishana pamoja na mtaro. Mita 9 ni futi 29.5. Upungufu ni kama futi 12, na zikigawanywa pande mbili, kila ploti inapoteza futi 6 za kina: badala ya hamsini kwa mia, inakuwa hamsini kwa tisini na nne. Muuzaji bado anauza ploti nane. Mnunuzi bado ana nafasi ya nyumba, bustani na maegesho. Futi sita ndizo zinazotenganisha mtaa na kichochoro.

Siku ya kupima, futi hizo zinagharimu wino wa mpima ardhi. Baada ya miaka 15, zikiwa chini ya ukuta wa mawe na vyumba vya kupangisha, bei yake inabadilika. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya kinataka anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, tena kwa haraka. Kaunti italazimika kununua ardhi kwa bei ya mjini, kubomoa, kulipa na kushtakiwa. Mara nyingi haifanyi lolote, na njia inabaki mita 5.

Ugawaji wa urithi unaongeza kasi ya jambo hili. Baba mwenye ekari 4 na wana wanne humpa kila mmoja ekari 1. Kila mwana akiwa naye na wana wanne, wajukuu wanapata robo ekari kila mmoja. Na kwa kuwa kila mwana anataka kufika barabara kuu, mashamba hukatwa vipande virefu vyembamba. Kipande chembamba hakiwezi kutoa barabara peke yake. Wenye vipande wasipokubaliana, haitapatikana kamwe.

Mvua inapokosa ardhi

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa kanuni hiyo fupi tunaweza kupima mafuriko.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mvua kubwa ya alasiri yenye milimita 50 inaangusha lita 202,000 juu yake. Kama ni shamba lenye nyasi na udongo haujashiba, tuseme sehemu moja ya tano tu inatiririka: lita 40,000. Mengine yanazama, kisha yanatoka polepole. Jenga ploti zote nane mpaka asilimia 60 ya ardhi iwe mabati, saruji na uwanja uliopigwa sakafu. Mabati na saruji hutiririsha sehemu tisa kwa kumi. Jumlisha: lita 125,000. Mvua ni ileile, wingu ni lilelile, lakini maji yanayotoka katika ekari ni mara tatu. Tena yanatoka kwa haraka, kwa sababu saruji haiyacheleweshi, kwa hiyo maji ya ekari zote hufika mtoni kwa wakati mmoja.

Umbo la ardhi ya Kisumu linazidisha mambo. Kaskazini kuna vilima vya mawe vya Riat na Kajulu. Kusini na mashariki kuna uwanda wa Kano, wenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao ukishashiba maji haumezi tena. Anayejenga Riat na kusakafia uwanja wake hapati mafuriko. Anayapeleka kwa wa chini. Vijito kama Auji, unaopita Manyatta na Nyalenda, hupokea maji hayo vikiwa vimebanwa na nyumba pande zote mbili.

Mwisho wa safari ni ziwa, na ziwa lenyewe halitulii. Mwezi Mei 2020 kipimo cha kina cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilionyesha mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964, baada ya ziwa kupanda zaidi ya mita moja katika muda usiofika mwaka. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila kilomita moja, ziwa likipanda mita 1 maji yanaingia nchi kavu kilomita nzima. Kijito kinachotegemea mteremko huo mdogo kinakosa pa kumwaga, na maji yanarudi nyuma mitaani. Familia zilizofurushwa na maji Nyando na ufukweni zilihitaji mahali pa kwenda, na sehemu ya jibu ilikuwa palepale pembezoni, juu kidogo.

Maji yanayoingia, maji yanayotoka

Ekari yetu ya ploti nane, kila moja na familia moja, ina watu 30. Lakini ploti haibaki hivyo. Tuseme kila mwenye ploti anajenga vyumba kumi vya kupangisha, kila chumba na watu wawili au watatu. Sasa ni watu 200. Kwa lita 50 kwa mtu kwa siku, ekari inahitaji lita 10,000 kila siku badala ya 1,500.

Bomba lililotosha watu 30 halitoshi 200. Lakini bomba lina tabia ambayo mpangaji mwerevu huitumia. Ukiongeza kipenyo chake maradufu, mdomo wake unakuwa mpana mara 4, na kwa kuwa sehemu ndogo zaidi ya maji inasuguana na ukuta, maji pia yanaenda kwa kasi zaidi. Matokeo ni kwamba linapitisha karibu mara 6. Mtaro wa kulizikia unachimbwa na vijana walewale kwa siku zilezile. Kuzika bomba kubwa mara moja ni nafuu kuliko kuzika dogo leo na kuchimba tena miaka kumi baadaye, hasa mahali ambapo watu huongezeka maradufu kila miaka 18.

Kisumu hupata maji kwa njia mbili kuu. Moja ni kuyasukuma kwa pampu kutoka ziwani, kupitia mtambo wa Dunga. Nyingine ni kuyachukua mto Kibos na kuyateremsha kwa uzito wake kutoka mtambo wa Kajulu. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 100 kunahitaji angalau uniti 0.27 ya umeme, na kwa pampu halisi zaidi ya hapo. Kilima cha Riat kiko zaidi ya mita 100 juu ya ziwa. Kwa hiyo anayenunua ploti kwa ajili ya mandhari ya ziwa ananunua pia gharama ya kupandisha kila tone. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 ina njia ya kupunguza gharama hiyo: Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na ukikinga asilimia 80 unapata lita 96,000. Kwa kaya ya watu 3.8 hizo ni kama lita 69 kwa mtu kwa siku, mradi uwe na tangi la kukuvusha kiangazi.

Katika mitaa iliyobanana, Kisumu imejaribu njia nyingine inayostahili kuigwa. Kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, huuza maji kwa jumla kwa vikundi vya wakazi kama wa Nyalenda, kisha vikundi hivyo vinayafikisha nyumbani na kukusanya malipo. Hilo liliwezekana kwa sababu bomba kuu lilipata pa kupita.

Sehemu ngumu zaidi ni maji yanayotoka. Katika lita 10,000 zinazoingia, karibu 8,000 hurudi zikiwa chafu. Pasipo bomba la maji taka, zote zinazama ardhini palepale. Gawanya lita 8,000 kwa mita za mraba 4,047: karibu milimita 2 kwa siku, zaidi ya milimita 700 kwa mwaka. Ni zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima, nayo ni uchafu, tena haina kiangazi.

Udongo husafisha maji. Vijidudu hunaswa na kufa maji yakipita ndani yake polepole, na ndiyo maana hupendekezwa mara nyingi kisima kiwe angalau mita 30 kutoka chooni. Sasa rudi kwenye karatasi yako. Ploti ya hamsini kwa mia ni mita 15 kwa 30. Kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala ni mita 34, kwa hiyo mwenye ploti anaweza kudhani amejitahidi: choo pembe hii, kisima pembe ile. Lakini jirani naye ana choo. Akikichimba kwenye pembe inayopakana na kisima chako, umbali wote ulioupata unapotea. Njia pekee ni majirani wote kukubaliana: vyoo vyote nyuma, visima vyote mbele barabarani. Hapo umbali unakaribia mita 30, ukiwa umegusa mpaka wa usalama kwa shida. Mahali penye mwamba wenye nyufa hata huo hautoshi. Kwa watu 200 kwa ekari, kisima kifupi si maji ya kunywa bila kutibiwa, hata mwenyewe awe msafi namna gani.

Dawa ya kudumu ni bomba la maji taka linaloishia kwenye mtambo kama ule wa Kisat au mabwawa ya Nyalenda, ambako jua la ikweta na muda huua vijidudu. Lakini bomba la maji taka lina masharti ambayo bomba la maji safi halina. Kwa kawaida halisukumwi, linategemea mteremko. Bomba dogo huhitaji kushuka kama mita 1 kwa kila mita 100, la sivyo uchafu unatuama. Haliwezi kupanda kilima, wala kuzunguka nyumba ya mtu likikata kona kila hatua. Linataka njia iliyonyooka, inayoshuka, isiyo na jengo juu yake. Linataka, kwa neno moja, barabara.

Mpangilio kabla ya idadi

Tukusanye tulichopata. Watu 200 kwa ekari ni sawa na watu karibu 50,000 kwa kilomita ya mraba. Kuna miji duniani yenye mitaa iliyosongamana hivyo inayoishi kwa afya, na wingi wa watu hupunguza urefu wa bomba na barabara kwa kila mkazi. Kwa hiyo hesabu haituruhusu kumlaumu aliyezaliwa wala aliyehamia. Kila tulikokwenda, kwenye lori la maji taka, mtaro wa mvua, bomba kubwa, vyoo na visima, tulikwama kwa kukosa ukanda wa ardhi wa watu wote. Na ukanda huo ni karibu bure siku ya kupima, na karibu haupatikani baada ya kuta kusimama.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inataka ugawaji wa shamba uidhinishwe na kaunti. Idhini hiyo isichukuliwe kuwa muhuri wa kulipia. Ofisi ya mipango ya Kaunti ya Kisumu ianze na Kajulu, Kolwa, Riat na Kibos, ambako bado kuna mashamba wazi: ichore kwanza barabara kuu, vijito na kingo zake, na njia za maji taka zinazofuata mteremko, kisha ikatae mgawo wowote unaozikata. Huo ni mchoro tu, na hauhitaji kusubiri mkopo kutoka nje.

Mzee unayewagawia wanao shamba, wakalishe chini pamoja na majirani kabla ya kumwita mpima ardhi, kwa maana barabara haitoki katika boma moja. Nawe unayetaka kununua, usilipe hata shilingi ya kwanza kwa kuonyeshwa vigingi na mandhari. Omba ramani ya mgawo, pima upana wa barabara uliochorwa, uliza maji ya mvua na maji ya choo yatapita wapi. Muuzaji akikosa jibu, nenda kwa muuzaji mwingine.